Mikono Niliyoikimbia

Kama umekaa kwenye benchi la hospitali ukisubiri jina lako liitwe, na mtu amekupa karatasi hizi usome ili uache kuangalia saa, sogea tukae pamoja. Sitakueleza kansa ni nini wala dawa inafanyaje kazi. Madaktari wapo, waulize, na wakikuuliza kama umeelewa usiitikie kwa adabu tu kama nilivyofanya mimi. Nitakueleza jambo ambalo mimi sikuelezwa na mtu: kwamba baada ya kukatwa titi nilishindwa kuguswa, hata na mikono yangu mwenyewe, na kwamba jambo hilo nusura livunje nyumba yangu.

Naitwa Mwende. Mimi ni Mkamba wa Machakos, na kwa miaka mingi nimekuwa mpishi wa mikate katika hoteli moja hapa Juba. Mume wangu, Kioko, ni fundi wa jenereta hotelini hapo hapo. Tunaishi Gumbo, ng'ambo ya daraja, kando ya barabara ya Nimule, kwa hiyo mabasi ya Kampala hupita mbele ya mlango wetu yakipiga honi kama yanamdai mtu. Zamani nilikuwa nikiyatukana. Baadaye yakawa ndiyo gari langu la kwenda hospitali, nikaacha matusi.

Uvimbe niliugundua mvua zikielekea kuisha. Kufika Desemba, jua likichoma mabati mpaka yanalia, nilikuwa Kampala bila titi la kushoto. Kioko alilia kwenye korido. Mimi sikulia, nilikasirika. Nikiogopa hukasirika, ndivyo nilivyoumbwa, na waliofanya kazi nami jikoni ni mashahidi.

Siku ya kutoa bandeji muuguzi alisema, "Mama, tazama, pamefunga vizuri." Nikatazama feni. Nyumbani nikawa naoga nikiangalia ukuta, najimwagia maji kwa kikombe ili mkono usipite pale. Nikavaa madera mapana. Kioko akinisogelea kitandani, mwili wote unakauka kama ubao. Na wala hakutaka kitu, maskini. Alitaka kuniwekea mkono begani tu kama zamani, ndivyo tulivyokuwa tukilala. Nikamwambia, "Kuna joto." Juba kuna joto kila siku, hakuwa na la kubisha. Akatandika mkeka sebuleni karibu na mlango, akasema huko kuna upepo.

Majirani tuliwaambia ni operesheni, basi. Ya nini, hatukusema. Ukisema titi, kila mtu atakuangalia hapo.

Mwezi wa pili nilianza kemo, ile dripu ya kansa. Kila baada ya wiki tatu napanda basi, nalala kwa binamu yangu Kampala, asubuhi naenda kukaa kwenye foleni. Woi, foleni ile! Ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo langu lilikuwa tayari limeumia. Lakini hapo ndipo nilipokutana na mama mmoja wa Gulu aliyekuwa akibeba tangawizi mbichi kwenye leso, akiikata kwa meno na kutugawia benchi zima. Tukawa tunatafuna kama mbuzi. Na kulikuwa na muuguzi ambaye, mshipa ukigoma kuonekana, alikuwa akijaza maji ya moto kwenye chupa, anaizungushia taulo na kuniwekea juu ya mkono wa kulia, kisha ananiuliza habari za mikate. Sijui kama anajua alichonifanyia.

Nywele zilibaki kwenye mto, nikazifagia mwenyewe. Kucha zikawa nyeusi. Maji yakawa na ladha ya sarafu. Lililonitia uchungu kuliko yote ni harufu ya hamira. Mimi, mpishi wa mikate, nikisikia harufu ya hamira natapika! Meneja akanipa likizo, nami nikakaa nyumbani nikisikiliza mabasi.

Aliyenipunguzia kichefuchefu alikuwa Poni. Poni ni Mbari, kabila la wenyeji wa Juba, alikulia Uganda ukimbizini, akarudi baada ya amani, na sasa anauza mboga barabarani hatua chache kutoka kwetu. Kila nikisafiri alinifungia chupa ya maji ya ukwaju, wao huuita aradeb, akisema, "Hii nafanya tumbo inanyamaza. Kunywa kidogo kidogo, si kama ngamia." Nilikuwa nikifika Kampala na robo chupa, na tumbo limenyamaza kweli.

Sasa nikueleze mila moja ya huku, maana bila hiyo hutaelewa nilivyompoteza Poni. Sisi Wakenya tukisalimiana ni mkono kwa mkono, imekwisha. Mtu wa Juba ambaye hajakuona siku mbili tatu kwanza anainua mkono wa kulia na kukupiga kofi dogo begani, hapo juu ya kifua. Wewe nawe unampiga lake, ndipo mnashikana mikono. Nilipofika Juba niliipenda sana salamu hiyo, unajiona umeonekana. Lakini mkono wa kulia wa mwenzako unaangukia bega lako la kushoto. Baada ya operesheni nikawa nazunguka njia za nyuma. Nikiona mtu ananijia na mkono juu, najifanya naongea na simu.

Kisha mama yake Poni akafariki. Nilikuwa nimetoka kwenye dripu juzi yake, lakini msiba ni msiba. Msiba huku wanauita bika. Nikaenda. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka chini ya turubai. Poni aliponiona akanyanyuka, macho yamevimba, akanijia huku ameinua mkono.

Nikarudi nyuma.

Sikupanga, miguu iliamua yenyewe. Mkono wake ukabaki hewani. Akasogea tena, nikarudi tena, safari hii nikakinga kwa kiwiko. Watu wakageuka kutazama. Kumbe huku ukikataa salamu kwenye bika umetangaza ugomvi, na si na aliye hai peke yake.

"Mwende," Poni akasema, "wewe iko zalan na mimi?" Zalan ni kukasirika. "Mama yangu nakukosea nini?"

Ningejibu nini mbele ya watu wote wale? Nikasema nina homa, nikaondoka. Tangu siku ile nikipita barabarani anapanga nyanya zake bila kuinua kichwa. Safari iliyofuata nilipanda basi bila aradeb, nikatapika kuanzia Nimule hadi Gulu.

Nyumbani nako hakukuwa na amani. Jioni moja Kioko alisema, akiangalia sahani, "Ukimaliza dripu ya mwisho, naona Kampala upande basi la Nairobi moja kwa moja. Uende Machakos kwa mama upumzike."

"Nipumzike mpaka lini?"

"Mpaka utakapokuwa sawa."

Nikamwelewa. Nimekaa Juba muda wa kutosha kuona wake za watu wakipelekwa nyumbani kupumzika. Pumziko linakuwa la mwaka, mwaka unakuwa mazoea, na hakuna aliyesema tumeachana. Nilimpenda Kioko, nampenda hadi leo. Lakini ningemwambia nibaki ili iweje, wakati hata mkono wake siutaki? Nikaondoa vyombo.

Hapo ndipo anapoingia Akinyi. Ni Mjaluo wa Kisumu, anafanya kazi na shirika moja hapa mjini, kazi yake ni kunyoosha viungo vya watu walioumia. Tunasali kanisa moja. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umeanza kuvimba, akanifundisha kutembeza vidole ukutani kama buibui. Siku hiyo alitaka kunishika bega kunirekebisha, nikaruka.

"Ala! Nimekuumiza?"

"Hapana."

"Basi nani amekuumiza?"

Swali lile likanifungua kama mfuniko wa sufuria. Nilimwambia yote, hadi bika. Akasikiliza, kisha akasema kuna kitu alifundishwa na mama mmoja Mjapani alipokuwa akifanya kazi Kisumu, kinaitwa reiki. Unaweka mikono juu ya mwili wako, mahali kwa mahali, polepole, bila kusugua wala kubonyeza. Wajapani wanasema kuna nguvu ya uhai inapita mikononi.

"Nguvu za Kijapani?" nikamwambia. "Akinyi, mimi nimeokoka."

"Hata mimi. Sijakuambia uabudu kitu. Hiyo nguvu mimi mwenyewe sijui kama ipo. Ninachojua ni kwamba mtu akikaa kimya na mikono yake mwenyewe, anatulia. Na unisikie vizuri, madam: hii haiponyi kansa. Dripu ikikuita unaenda. Nikisikia umekosa dawa kwa sababu yangu, mimi na wewe basi."

Akaniambia nianze na mahali ambapo sina ugomvi napo. Nikafikiri, nikasema magoti. Magoti hayajawahi kunikosea. Nikaweka viganja juu ya magoti, nikafumba macho.

"Wengine husikia joto viganjani. Wewe unasikia nini?"

"Sisikii kitu. Hii dawa mpya imeniua vidole." Na ilikuwa kweli, walikuwa wamenibadilishia dripu, vidole vimekufa ganzi hata kifungo nashindwa kufunga.

"Haya, na magoti yanasikia nini?"

"Yanasikia kuna mtu," nikasema, na machozi yakaanza kunitoka kama mjinga.

Basi nikaendelea. Mvua zilikuwa zimeanza, asubuhi kuna ubaridi mtamu kabla jua halijakumbuka kazi yake. Kioko akishaondoka nakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na dirisha. Akinyi alinifundisha pia maneno ya kuanzia siku: leo tu sitakasirika, leo tu sitahangaika. La kukasirika nilikuwa nalivunja kabla ya chai. Lakini magoti yalizoea, nikapanda tumboni, nikaweka mikono machoni, nikaweka kwenye kichwa changu kile cha upara ambacho hata Kioko hakukiona bila kitambaa. Kichwa kilifurahi, haki ya nani. Kifua nilikiruka kama unavyoruka dimbwi barabarani. Siku nyingine nililala usingizi hapo hapo kitini, usingizi wa kweli, ambao sikuwa nimeuona tangu Desemba.

Kioko alinikuta siku alipokuwa amesahau spana zake. Mimi nimefumba macho, mikono usoni. Akadhani nalia. Nikamweleza. Sura yake ikabadilika.

"Wajapani wana miungu yao, Mwende."

"Nimeweka mikono yangu kwenye macho yangu. Mungu gani hapo?"

Akachukua spana zake akaondoka. Jumamosi akaja na akina mama wa maombi wa kanisani, wamevaa sare, wamebeba na soda. Yeye ni mzee wa kanisa, wagonjwa huwekewa mikono, nami nilikuwa mgonjwa. Nilipowaona wanakunja mikono ya blauzi, nikasema naenda msalani mara moja. Nikajifungia. Wakaimba, nikakaa. Wakaimba tena. Mwishowe mmoja akagonga mlango, akasema kwa upole, "Dada Mwende, hata huko Mungu anasikia, sisi tunaombea hapa." Wakaombea mlango, wakanywa soda, wakaondoka.

Kioko hakuniinulia sauti. Angeniinulia ingekuwa afadhali. Alikaa kwenye mkeka wake akasema, "Kanisani natoa mkono watu wanaukimbilia. Nikirudi hapa mke wangu anaukimbia. Na sasa ametafuta wa Kijapani." Nilitaka kumwambia siyo wewe, ni mimi, ni hapa. Sikuweza kutamka. Akatoka kwenda kuangalia jenereta, siku ambayo hakuwa na zamu.

Jumatatu asubuhi mvua ilinyesha kubwa. Nikakaa kwenye kiti changu. Magoti, tumbo, macho, kichwa. Kisha nikaweka mkono wa kulia shingoni, nikaushusha. Nilikuwa na hasira, nikisema moyoni leo tuonane. Ukafika. Palikuwa bapa. Palikuwa na mstari mgumu, na ngozi pembeni imekunjamana kidogo kama pindo la nguo iliyoshonwa haraka. Kovu halisikii, vidole navyo havisikii, viziwi wawili wamekutana. Niliogopa kwamba ningechukia. Sikuchukia. Nilipahurumia, kama unavyomhurumia mtoto uliyemchapa bure. Nikasema kwa sauti, "Pole. Pole sana." Nikalia kile kilio nilichokiacha Kampala kwenye korido.

Mvua ilipokatika nikavaa ndara nikaenda kwa Poni, matope hadi vifundoni. Alikuwa anafuta nyanya. Nikasimama mbele ya meza yake.

"Poni, mimi sikuwa zalan. Wala mama yako hakunikosea. Ile operesheni ilikuwa ya titi. Limekatwa hili. Mkono wako ungeangukia hapo."

Akaacha nyanya. Aliniangalia mpaka nikaona haya.

"Na wewe nanyamaza tu?" akasema. "Mimi nalia mama yangu, kisha nalia wewe tena. Mimi nasema, Mwende nanichukia, sababu gani? Kumbe wewe iko nabeba hii peke yako!" Alikuwa anafoka na kulia pamoja. "Malesh, dada. Malesh." Huko kwao ndiyo pole.

Nikainua mkono wangu uliokufa ganzi nikampiga begani. Kisha nikasimama, nikangoja. Naye akainua wake, akauweka juu ya bega langu polepole, kama mtu anayegusa donge la unga kuona kama limeumuka.

"Naumia?"

"Haiumi."

"Kweli?" Akautoa, akanipiga la kawaida, pa! Tukacheka, wateja wakatushangaa. Nilirudi nyumbani na chupa ya aradeb na sukuma wiki ambayo sikuinunua.

Kumbe Poni aliponiwekea mkono, Kioko alikuwa anashuka kwenye boda mbele ya mlango wetu. Aliona yote. Aliona mkono wa mtu mwingine pale. Akapita, akaingia ndani.

Leo ninapoandika haya nywele zimerudi, laini kama za mtoto, Kioko ananiita kifaranga. Narudi Kampala kupimwa, na kila nikienda nagombana na kila mtu hadi daktari aseme tuonane tena. Vidole viwili bado vina ganzi, lakini hamira tumepatana, nakanda mikate kama zamani. Asubuhi bado nakaa kwenye kiti changu. Kama utajaribu, anza na mahali ambapo huna ugomvi napo, na dawa zako usiziache. Mgonjwa mwenzangu, mwambie mtu mmoja wa karibu mapema. Mimi nilichelewa.

Umeona nimesema Kioko ananiita kifaranga, kwa hiyo unajua Machakos sikwenda. Nikwambie ilivyokuwa.

Ilikuwa Jumapili, kesho yake nasafiri kwa dripu ya mwisho. Tumetoka kanisani, mvua inapiga mabati. Begi kubwa lilikuwa wazi kitandani na Kioko ananipangia nguo, kwa utaratibu kama vyuma vyake. Akashika sweta langu la kijani.

"Machakos Julai kuna baridi," akasema.

"Kioko. Acha hilo sweta, uje hapa."

Akaja, akasimama mbali kidogo, kama alivyozoea. Nikakaa ukingoni mwa kitanda. Nikavua kitambaa cha kichwa. Kisha nikafungua vifungo vya gauni, na kwa vidole vyangu vile ilichukua muda, naye hakuthubutu kunisaidia. Nikafunua.

Hakuangalia pembeni. Hilo sitalisahau. Alipiga magoti sakafuni, akaangalia, machozi yakamdondoka, akanong'ona, "Walikukata hivi, nami nakuambia ulale sebuleni kuna upepo?"

"Wewe ndiye uliyelala sebuleni," nikamwambia. "Lete mkono."

Nikaushika. Mkono wa fundi, mgumu, una harufu ya dizeli hata Jumapili. Nikauweka pale. Akafumba macho akaanza, "Ee Bwana wa majeshi..."

"Usiombe, Kioko. Weka tu."

Tukakaa hivyo. Mvua ikapungua, ikaongezeka tena. Mwili wangu ulikauka mwanzoni, nikapumua kama nilivyofundishwa, ukalegea kidogo, ukalegea tena.

"Unasikia chochote?" akauliza, kwa woga.

Katikati ya kovu hapakuwa na kitu. Lakini pembeni, kuelekea kwapani, ngozi ilikuwa imeanza kuamka siku za karibuni, na hapo, kwa mara ya kwanza tangu nianze mambo haya, nikalisikia.

"Joto," nikasema. "Nasikia joto."

Mkono wake haukuondoka.

"Hilo si la Wajapani," akasema mume wangu. "Hilo ni langu."